Mpe Kwanza Mtoto Asiyejua Kusoma



Mara nyingi hapa tunasema juu ya kofia, buti, vumbi na ngazi. Leo tutasema juu ya simu na watoto wadogo. Usigeuze karatasi ukidhani umekosea ukurasa. Mambo haya ni ya usalama, na utaona kwa nini.

Angalia nyumbani kwako jioni. Simu iko juu ya meza. Mtoto wa miaka 3, ambaye hajui A wala B, anaichukua. Anaifungua, anatafuta picha, anapata wimbo anaoupenda, na pengine anampigia shangazi yake wa Uvira bila wewe kujua. Bibi yake amekaa palepale, mtu mwenye akili, aliyelea watoto na kufanya biashara miaka mingi, na kwa simu ileile hawezi kutuma franka elfu tano. Nenda soko la Kadutu, utamwona mama muuza sambaza akimpa kijana asiyemjua simu yake, na namba ya siri juu yake, ili amsaidie kutuma pesa. Siku pesa zikipotea, watu watamcheka yule mama. Hakuna atakayemcheka fundi aliyebuni mambo ya simu ile kwa maneno madogo ya Kifaransa, ambayo yanajifunga yenyewe kabla mtu hajamaliza kuyasoma.

Watu husema: "Watoto wa siku hizi wana akili kuliko sisi." Mimi sikubali. Mtoto anatushinda kwa mambo mawili tu. Kwanza, haogopi kuharibu. Pili, haoni aibu. Mtu mzima akikwama mbele ya mashine, anajilaumu: "Mimi sikusoma sana, mambo haya ni ya wenye masomo." Anatikisa kichwa kana kwamba ameelewa, kisha anaondoka. Mtoto akikwama anapiga kelele, anabonyeza mara kumi, anaitupa simu kwenye kiti na kwenda kucheza. Amesema ukweli wake wote. Ukitaka kujua kama kitu kimetengenezwa vizuri, shahidi wako ni huyo.

Mtazame kwa makini, utajifunza mengi ambayo mafundi wakubwa hulipwa ili wayajue. Mtoto hagusi kioo kwa ncha ya kidole kimoja kama mtu wa ofisi. Anakigusa kwa kidole kinene chenye mabaki ya ugali, na kiganja cha mkono wa pili kimelala juu ya kioo, kwa hiyo kitufe kidogo anakikosa. Akigusa asione kitu, hangoji. Anagusa tena na tena, na simu ikizinduka inafanya yote aliyoyaomba kwa pamoja, nawe unaona imeenda wazimu. Mafundi wenyewe wanajua kwamba jibu likipita sehemu ya kumi ya sekunde, mtu anaanza kuona kwamba mashine inakawia. Mtoto hasomi, kwa hiyo anafuata picha, rangi, sauti, na mahali kitu kilipokuwa jana. Ukihamisha kitufe usiku, asubuhi amepotea. Akiingia mahali asipopataka, anatafuta mlango wa kurudia nyuma, na asipouona anakuletea simu huku analia.

Sasa fikiria mtu wa zamu ya usiku, chini ya shimo. Anajua kusoma, hata pengine ana diploma. Lakini mikono ina matope. Glavu ni nene. Kioo kimelowa. Mwanga ni wa taa ya kofia tu. Moshi unamwingia machoni, mwenzake ameanguka, na moyo unapiga mbio. Mpe mtu huyo simu au kifaa cha kupima hewa, umwambie: "Chagua namba 4, kisha namba 2, kisha andika mahali ulipo, kisha thibitisha." Yuko sawa na yule mtoto wa miaka 3! Kidole chake ni kinene, kusoma hawezi, subira hana, na anabonyeza ovyo. Hofu humshusha mtu mzima mpaka utotoni kwa dakika moja. Kwa hiyo ninaposema kifaa cha usalama kijaribiwe kwanza na mtoto, simtukani mfanyakazi. Ninamkumbuka saa ile mbaya kabisa ya maisha yake.

Na jambo la vioo ni la kweli, si mfano tu. Simu nyingi za siku hizi husikia kidole kwa sababu mwili wa mtu hupitisha umeme kidogo. Glavu nene ya mpira inauzuia, na tone la maji laweza kuidanganya simu kwamba ni kidole. Aliyebuni mezani, kwa mikono mikavu, hana habari. Mtoto aliyetoka kunawa angempa habari hiyo bure.

WATOTO WALIPOFANYWA WAAMUZI

Pengine utauliza: ni nani aliyewahi kumpa mtoto kazi ya namna hii? Wako waliofanya hivyo, tena kwa sheria.

Mwaka 1970 Marekani ilitunga sheria juu ya vifuniko vya dawa na sumu za nyumbani, maana watoto wengi walikuwa wakimeza vidonge vya wazazi wao. Je, watajuaje kama kifuniko kinamzuia mtoto? Hawakumwuliza profesa. Waliweka utaratibu wa kuwapa chupa watoto wenyewe, wenye umri wa miezi 42 mpaka 51, mpaka 200 kwa jaribio. Wanakaa wawili wawili, wanapewa dakika 5 kujaribu kuifungua. Wakishindwa, mtu mzima anawaonyesha namna ya kufungua bila kusema neno, kisha wanaambiwa kwamba wakitaka wanaweza kutumia meno, na wanapewa dakika 5 nyingine. Watoto 80 katika kila 100 wasipoweza kuifungua, kifuniko kimefaulu. Lakini bado. Watu wazima wa miaka 50 mpaka 70 nao hupewa chupa hiyohiyo, na 90 katika kila 100 lazima waweze kuifungua na kuifunga vizuri.

Ninapenda sana utaratibu huo. Unaweka watu wa namna mbili mbele ya kitu kimoja, na kama kitu kinawashinda wale wasiopaswa kushindwa, kinarudi kiwandani. Hakuna anayemwambia mzee: "Kwa nini hukuhudhuria mafunzo ya chupa?"

Tukio la pili ni la karibu nasi, tena la lugha yetu. Nchini Tanzania, katika mkoa wa Tanga, shirika la XPRIZE la Marekani lilifanya jaribio kuanzia mwisho wa mwaka 2017 mpaka mwanzo wa 2019. Watoto wapatao 2,700 wa vijiji 170 walipewa vioo vya mkononi, kama simu kubwa, ili wajifunze wenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili. Mwalimu hakuwapo. Umeme ulitoka kwenye jua, na katika vijiji mama walisimamia mahali pa kuchajia. Kabla ya kuanza, karibu watoto 3 katika kila 4 walisema hawajawahi kukanyaga shule, na zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Fikiria kazi ya mbunifu hapo. Hawezi kuandika "bonyeza hapa ili kuendelea", maana hakuna wa kusoma. Hawezi kusema "mwulize mwalimu". Hawezi kutuma kitabu cha maelezo. Lazima sauti iseme, mkono uonekane ukionyesha, na mtoto akikosea asione aibu, ajaribu tena. Makundi 5 ya wabunifu yalifika fainali. Baada ya miezi 15, ile hesabu ya watoto wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi wa Mei 2019 zawadi ya dola milioni 10 iligawanywa kwa washindi wawili: onebillion ya London, na Kitkit School, iliyotengenezwa na kampuni ya Enuma. Mwanzilishi mmoja wa Enuma, mama Sooinn Lee, alikuwa mbunifu wa michezo ya kompyuta. Alianza kazi ya namna hii kwa sababu ya mwanawe mwenyewe, aliyezaliwa na ulemavu.

Sitasema kwamba kioo kinatosha badala ya mwalimu. Nusu iliyobaki haikusoma, na shule ya Tanga au ya Bagira bado inahitaji mwalimu anayelipwa mshahara wake kwa wakati. Lakini mambo ya Tanga yalionyesha kwamba mtu asiyejua kusoma anaweza kutumia chombo kigumu, endapo aliyekibuni amemfikiria yeye tangu siku ya kwanza. Basi, kwa nini mfanyakazi wa Kamituga au wa Kalehe apewe kifaa cha kuokoa roho kilichoandikwa lugha ya ofisini tu?

Na hapa niseme jambo linaloniudhi. Ndani ya kila simu mna mali ya milima hii na ya nyingine kama hii. Bati linaunganisha nyaya zake. Dhahabu iko mahali vyuma vinapogusana. Tantali, inayotoka katika koltani, inahifadhi umeme katika vipande vidogo vyake. Wolframu iko katika kile kijimota kinachoitetemesha simu mfukoni. Sisi tunatoa vitu hivyo ardhini. Wanaochora simu hawajawahi kutuuliza ukubwa wa kidole chetu.

PICHA NAZO HUDANGANYA

Wako watakaosema: "Basi tutie picha, mambo yamekwisha." Hapana, ndugu. Picha nayo ni maandishi, na lazima ijaribiwe. Alama ya kupiga simu ni mkono wa simu ya zamani ya mezani. Mtoto wa leo wa Nguba hajaiona simu hiyo. Amejifunza alama yake kwa kuzoea. Alama ya kutunza maandishi katika kompyuta ni kisahani ambacho hakiuzwi tena dukani.

Mjini Pittsburgh, huko Marekani, madaktari wa watoto walilipata somo hili mwaka 1971. Desturi ilikuwa kubandika fuvu na mifupa juu ya sumu. Wakagundua kwamba kwa watoto wadogo fuvu lile ni la maharamia wa hadithi, mambo ya kufurahisha, tena timu ya besiboli ya mji wao inaitwa Pirates, yaani Maharamia. Waliwaonyesha watoto picha mbalimbali, wakachagua ile waliyoichukia zaidi: uso wa kijani ulionyong'onyea, ulimi nje. Wakauita Mr. Yuk, na vibandiko vyake vikaenea. Hata hivyo, mwanzo wa miaka ya 1980 watafiti walipopima, hawakuona kwamba kibandiko kinawazuia watoto wadogo kushika chupa. Mtoto alielewa picha, lakini mkono ulienda palepale.

Hilo litufundishe katika nyumba zetu pia. Aliye na zebaki ya kukamatia dhahabu, au asidi ya betri, asiseme "nimebandika alama". Asiitie katika chupa ya Fanta. Aiweke juu, afunge kwa kufuli, au afadhali asiilete nyumbani kabisa. Na kuchoma dhahabu yenye zebaki jikoni ni kuwapa watoto sumu kwa njia ya pua.

Kwa upande wa mgodi, alama za kimataifa zina mpango mzuri: duara jekundu lenye mstari linakataza, duara la buluu linaamuru, pembetatu ya njano inaonya, kijani kinaonyesha njia ya kutokea na mahali pa msaada. Rangi mtoto huzishika upesi. Lakini jaribu kumwonyesha mtoto wa miaka 5 zile picha ndogo zilizomo ndani, mwulize: "Huyu mtu anafanya nini?" Utasikia majibu ya ajabu. Mtu anayekimbia kwenye mlango wa dharura huenda kwake anacheza mpira. Kila jibu la namna hiyo ni habari ya bure kwa ofisi ya usalama.

KITUFE RAHISI, LAKINI SI RAHISI MNO

Siku hizi makampuni ya madini katika nchi nyingi yanaleta programu za simu za kutoa habari ya hatari: jiwe lililolegea, maji yanayoingia, ngazi iliyovunjika. Ni jambo jema. Tunakumbuka Kamituga, tarehe 11 Septemba 2020, mvua kubwa iliponyesha na shimo la wachimbaji wadogo likawafunika watu wapatao 50. Habari ikitoka mapema, watu hutoka mapema. Lakini habari haitoki kwa programu ambayo watu wanaiogopa.

Mtoto anatufundisha na upande wa pili. Kwa kuwa anabonyeza kila kitu, atapiga king'ora mara tano kabla ya saa sita mchana. Mgodi ukisikia king'ora cha bure kila siku, siku ya king'ora cha kweli hakuna atakayesimama. Kwa hiyo kitufe cha hatari kiwe kikubwa, mahali pamoja siku zote, lakini kidai jambo moja zaidi: kukishikilia kidogo, au kukivuta upande. Na kiseme kwa sauti: "Habari imefika." Mtu aliye gizani anataka kujua kama amesikika. Mtoto hufanya vivyo hivyo. Anakuita "Baba!" mpaka umjibu.

Mkubwa wa kazi mmoja aliwahi kuniambia kwamba haya yote huondolewa na mafunzo. Nusu ya siku darasani, kila mtu anatia sahihi kwamba ameelewa. Nampa heshima yake, lakini ile karatasi yenye sahihi imenichosha. Nani katika watu 40, mbele ya wenzake na mbele ya kapita, atainua mkono na kusema hakuelewa? Sahihi inaonyesha kwamba mtu alikuwapo. Haionyeshi kwamba kidole chake kitapata kitufe wakati wa moshi. Mafunzo yawepo, ndiyo. Yaje baada ya kifaa kurekebishwa, yasiwe plasta ya kufunika kasoro ya kifaa.

Kwa hiyo ombi langu kwa wale wanaonunua vifaa na programu ni hili: kabla ya kulipa, kipelekeni kwa watoto wachache wa wafanyakazi, wa miaka 4 mpaka 7, wazazi wao wakiwapo. Msiwafundishe, msiwaelekeze. Kaeni kimya mkitazama. Kisha kipeleke kwa watu wa shimoni wenye glavu zilizolowa, na kwa mama asiyesoma Kifaransa, anayejua Kiswahili, Mashi au Kirega tu. Panapowakwamisha wote, pana kosa la mbunifu, na arekebishe kwa gharama yake.

Wala isidhaniwe kwamba ninasema watoto waachiwe simu kutwa nzima. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba mtoto asiyetimiza mwaka 1 asiwekwe mbele ya kioo kabisa, wa mwaka 1 vilevile, na wa miaka 2 mpaka 4 asizidi saa 1 kwa siku, na ikiwa pungufu ni bora. Mtoto anahitaji kukimbia, kucheza, kulala na kusimuliwa hadithi. Jaribio ninalolisema ni la dakika 10. Na wewe baba, simu yako iache mbali na mahali pa baruti zenye fataki za umeme, kama kanuni zinavyosema, na usishuke ngazi huku macho yako yakiwa kwenye kioo.

Unaweza kuanza Jumapili hii nyumbani bila kungoja kampuni. Ikiwa simu yako ni ya kioo, weka picha ya uso wa mama, ya baba na ya jirani mwaminifu mahali pa kwanza panapoonekana, kila uso na namba yake. Ikiwa ni ya vitufe, simu nyingi hukubali namba moja ifungwe kwenye kitufe kimoja: ukikishikilia, inapiga. Kisha mwambie mtoto: "Mama ameanguka, haamki. Mwite jirani." Kaa kimya, utazame mkono wake. Je, amefungua simu? Kama umefunga kwa namba ya siri, amefanya nini? Amekwama wapi? Jirani aliposema "alo", mtoto aliweza kusema jina la avenue yenu?

Andika palipomkwamisha, ubadilishe, ujaribu tena Jumapili ijayo. Na karatasi hiyo usiitupe. Ilete katika ofisi ya usalama siku watakapokuita ujifunze programu mpya, uwaulize kama nao wanayo ya kwao.